Kimuhemuhe cha gemu tulivu ni nini?

Kimuhemuhe cha gemu ni kipindi ambacho mashabiki wanaishi na gemu ambayo bado haijatoka. Kinaanza siku inapotangazwa, kinaisha siku unapoifungua kwenye mashine yako, na katikati hapo mna hamu, ubishi, makisio na, siku hizi, pesa. Usikichanganye na kiki. Kiki hutengenezwa na anayeuza. Kimuhemuhe hutoka kwa anayesubiri, ingawa muuzaji mjanja anajua namna ya kukichochea.

Kila aina ya gemu ina kimuhemuhe chake. Wapenzi wa mpira hawahangaiki sana: toleo jipya la EA Sports FC hutoka Septemba, na swali kubwa ni mchezaji gani kapandishwa alama na yupi kashushwa. Hapa nazungumzia kundi jingine, ambalo Dar es Salaam halisikiki kwa sababu halikai kwenye mabanda ya gemu: wale wanaosubiri gemu tulivu za kuigiza maisha.

Gemu tulivu ni gemu isiyokukimbiza. Unalima, unavua samaki, unapanga samani, unazoeana na majirani, unalala. Kesho unaamka unaendelea ulipoishia. Hakuna filimbi ya mwisho. Hata ile iliyochanganywa na mapambano kidogo, kama Stardew Valley yenye machimbo yaliyojaa viumbe, ukizidiwa unazimia, unapoteza pesa na vitu kadhaa, kisha unaamka na shamba lako liko palepale. Ukisahau kumwagilia, mazao hayafi; yanachelewa tu kukua.

Ukifuatilia zilikotoka gemu hizi utakuta jambo moja linajirudia: waliozibuni walikuwa wamepungukiwa na nyumbani. Yasuhiro Wada, aliyebuni Harvest Moon ya mwaka 1996, alikulia Miyazaki, kusini mwa Japani, kisha akaenda kufanya kazi Tokyo. Gemu yake ya shamba ilitokana na kumbukumbu za huko alikotoka. Katsuya Eguchi alihamia Kyoto kuajiriwa na kampuni ya gemu ya Nintendo, akaacha ndugu na marafiki Chiba, na upweke ule ukazaa Animal Crossing, gemu ya kuishi kijijini na majirani, iliyotoka Japani mwaka 2001. Will Wright naye nyumba yake iliteketea katika moto mkubwa wa Oakland, California, mwaka 1991. Kazi ya kununua upya kila kilichokuwa ndani ikampa wazo la The Sims, gemu ya kujenga nyumba na kuendesha maisha ya wanaoishi humo, iliyofika madukani mwaka 2000.

Jiji lililojaa watu wa Kigoma, Mbeya, Kilimanjaro na Mtwara halihitaji maelezo marefu kuhusu hilo. Mtu anayegombania daladala Mbagala alfajiri na kurudi usiku ana kila sababu ya kutaka kijiji cha kwenye skrini ambako hakuna anayemdai. Isipokuwa Tom Nook, yule mfanyabiashara wa Animal Crossing, na hata yeye mkopo wake wa nyumba hauna riba wala tarehe ya mwisho. Kausha damu haijafika huko.

Kwa hiyo anayesubiri gemu ya namna hii anasubiri mahali pa kukaa. Ni kama mpangaji aliyekwisha kulipa kodi ya miezi sita na bado hajapewa funguo: kitanda ameshakipangia ukuta, pazia ameshalipima, majirani ameanza kuwaulizia. Gemu za kushindana humwachia shabiki maswali machache ya kujiuliza kabla hazijatoka, kwa kuwa utamu wake uko kwenye kucheza kwenyewe. Gemu ya maisha utamu wake mwingi uko kwenye kupanga, na kupanga hakusubiri gemu itoke. Kuna watu wana familia nzima za kubuni daftarini, zenye majina, kazi na ugomvi wa mirathi, wakisubiri tu pa kuziweka.

Ndiyo maana mazungumzo yao huwa ya vitu vidogo. Trela ya dakika mbili husimamishwa picha kwa picha ili kuona kama milango inafunguka, kama mtoto anakua polepole au anaruka tu kutoka utotoni hadi utu uzima, kama mvua inalowesha nguo. Na nywele. Kwenye The Sims 4, iliyotoka mwaka 2014, wachezaji weusi walilalamika kwa miaka kuhusu rangi za ngozi na mitindo ya nywele, mpaka Desemba 2020 zilipoongezwa rangi za ngozi zaidi ya 100. Binti wa Sinza anapotazama trela mpya leo, swali lake la kwanza ni kama ataweza kujitengeneza akafanana na yeye mwenyewe, na kama aliyechora zile twende kilioni aliwahi kukaa karibu na msusi. Mimi sioni kama ni swali la urembo. Gemu inayokualika uishi ndani yake halafu haina kichwa chako imekukaribisha nusu.

Kampuni ya Krafton ya Korea Kusini ilielewa vizuri kwamba kusubiri huku ni sehemu ya mchezo. Agosti 2024, miezi saba kabla ya kuanza kuuza gemu yake ya maisha, inZOI, ilitoa bure kwa siku chache ile sehemu ya kuunda wahusika pekee. Hapakuwa na nyumba ya kuishi wala mtaa wa kutembea, na bado watu walikesha wakichonga pua na kuchagua nguo. Gemu ilipofunguliwa Machi 28, 2025, ikiwa bado haijakamilika, nakala milioni moja ziliuzwa ndani ya wiki moja.

Kimuhemuhe kina vipimo vyake pia. Kinachotazamwa sana ni orodha ya matamanio kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Unabonyeza kitufe, hulipi kitu, na duka linakuandikia barua pepe gemu ikitoka au ikipunguzwa bei. Kwako ni kikumbusho. Kwa watengenezaji ni hesabu ya watu walio mlangoni: wanaitumia kukisia mauzo na kuwashawishi wenye fedha. Kwa studio ndogo ya watu wachache, kubonyeza kitufe kile ni msaada wa kweli usiogharimu zaidi ya kilobaiti chache za bando.

Kisha kuna ufikiaji wa mapema, utaratibu ambao Steam iliuanza mwaka 2013: unalipia gemu ambayo bado inajengwa na kuicheza hivyohivyo ilivyo. Hapo ndipo kimuhemuhe kinapogeuka bidhaa. Sina ugomvi na utaratibu wenyewe, ila gemu za maisha huumia nao kuliko nyingine. Gemu ya kurusha risasi yenye ramani mbili tu bado inachezeka jioni nzima. Mtaa ambao majirani wake wana sentensi nne kila mmoja unachosha siku ya pili, na aliyekuwa anasubiri mahali pa kukaa hujiona kahamia kwenye jengo lisiloezekwa.

Kuahirishwa ni suala jingine. Animal Crossing: New Horizons ilikuwa itoke mwaka 2019, Juni mwaka huo Nintendo ikaisogeza hadi Machi 20, 2020. Doug Bowser, aliyekuwa akiongoza Nintendo ya Marekani, alieleza kwamba hawakutaka wafanyakazi wao wachoshwe kupita kiasi. Manung'uniko yalikuwepo, lakini ni vigumu kudai kijiji cha utulivu kikamilishwe kwa kuwakesha watu ofisini. Tarehe mpya ikaangukia wiki ambayo nchi nyingi zilikuwa zinafunga milango kwa sababu ya korona. Hapa kwetu shule na vyuo vilifungwa wiki hiyohiyo. Kufikia Machi 31, siku 12 tu tangu itoke, nakala milioni 11.77 zilikuwa zimeuzwa. Hakuna idara ya masoko inayoweza kupanga jambo kama lile.

Mbaya zaidi ni kufutwa. Life by You ya kampuni ya Paradox ilitangazwa kwa kishindo mwaka 2023, ikiongozwa na Rod Humble, aliyewahi kuisimamia The Sims. Ilipewa tarehe, ikasogezwa, ikapewa nyingine, ikasogezwa tena, na Juni 2024 ikafutwa kabisa. Mashabiki walikuwa wameshatazama video nyingi za watengenezaji wakiicheza. Walijua barabara za mji wake. Gemu ya kupigana ikifutwa unahamia nyingine inayofanana nayo. Hawa walibaki na majina ya watu wasio na nyumba, na wengi wao wakahamishia macho kwa Paralives.

Paralives ilianza kusubiriwa mwaka 2019, ikitengenezwa na kikundi kidogo kilichoendeshwa kwa michango ya kila mwezi ya mashabiki wenyewe. Ilipangwa kufunguliwa Desemba 8, 2025, wiki chache kabla ikasogezwa hadi Mei 25, 2026, baada ya waliojaribu kuicheza kuonyesha palipopungua. Anayechangia kila mwezi na kuonyeshwa kazi ilipofikia hukasirika kwa namna tofauti na aliyeonyeshwa trela tu akaachwa kwenye giza. Eric Barone, aliyeijenga Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne kabla ya kuitoa Februari 2016, anaishi kwa imani ya aina hiyo. Oktoba 2021 alitangaza Haunted Chocolatier, na miaka minne baadaye watu walikuwa bado wanaingoja bila kumtukana. Katikati ya muda huo aliwapa sasisho kubwa la Stardew Valley, Machi 2024, bure, na miezi michache baadaye akaapa kwa heshima ya jina la ukoo wake kwamba hatatoza nyongeza hata siku moja. Ukiwa na rekodi hiyo, unaruhusiwa kuchelewa.

Dar es Salaam ina kusubiri kwa pili ambako matangazo hayakutaji. Gemu ikishatoka duniani, kwako bado. Nyingi za Steam hufunguliwa saa nne asubuhi ya Seattle, ambayo kwetu ni saa mbili usiku, au saa tatu wakati wa majira yao ya baridi. Muda mzuri kabisa, mtu umeshaoga na kula. Kisha zinaanza hesabu. Stardew Valley ina nusu gigabaiti hivi na inakubali hata kompyuta ya zamani. inZOI inadai makumi ya gigabaiti na kadi ya michoro ambayo kompyuta nyingi za mtumba za Kariakoo hazina. Bei iko kwa dola: 14.99 kwa ile ya kwanza, sawa na shilingi elfu arobaini hivi, 39.99 kwa ya pili, unaingia kwenye laki. Na dola hizo zinataka kadi, kwa hiyo mwenye pesa zote kwenye simu anatengeneza kwanza kadi pepe, au anamwomba kaka mwenye akaunti ya benki. Ndipo anasubiri bando la usiku, au waifai ya chuo.

Banda la gemu halimsaidii. Pale mtindo ni kulipia mechi, kumaliza, kumpisha anayefuata, na gemu ya maisha haina mechi. Shamba lako lazima likutwe kesho jinsi ulivyoliacha, wala hakuna mtu wa benchi atakayevumilia kukutazama ukichagua rangi ya zulia. Ndiyo maana wengi wa mashabiki hawa ni watu wa ndani, wa simu, na kijiwe chao ni kundi la WhatsApp ambako wanatumiana trela na kukumbushana tarehe. Stardew Valley kufika kwenye simu za Android mwaka 2019 kulifungua mlango kwa wengi ambao kompyuta hawakuwa nayo.

Wakati wa kusubiri huku kwa pili watu hutazama wenzao wa nje wakicheza kwenye YouTube, na wapo wanaoijua gemu kwa undani kuliko walioinunua. Kuna faida isiyopingika. Anayechelewa huikuta imerekebishwa, bei imeshuka, na mabishano ya mwezi wa kwanza yamepoa kiasi cha kumwonyesha kama majirani wana zaidi ya sentensi nne. The Sims 4 yenyewe, gemu ya msingi, ilifanywa bure Oktoba 2022, miaka minane baada ya kutoka. Vifurushi vyake vya nyongeza bado vinauzwa kimojakimoja, ni vingi, na ukivitaka vyote fundi wako wa Kariakoo atakuuliza kwanza diski yako ina nafasi kiasi gani.