Je, wajua? Kwa nini meli kubwa hivi zinaundwa kwenye mji mdogo wa Monfalcone

Zile meli za watalii unazoziona kwenye picha, ghorofa juu ya ghorofa, mabwawa ya kuogelea mpaka juu, kadhaa kati ya zile kubwa zimeundwa Monfalcone, mji wa watu kama 30,000 tu kaskazini mashariki mwa Italia, karibu kabisa na Slovenia. Carnival Destiny ilitoka hapo 1996, na ndo meli ya kwanza ya abiria duniani kuvuka tani 100,000 za ujazo!

Kwanza ni ramani. Hiyo ndo bandari ya kaskazini kuliko zote kwenye Mediterania, sasa mwaka 1908, eneo likiwa bado chini ya himaya ya Austria-Hungaria, familia ya Cosulich, wenye meli wa mji jirani wa Trieste, wakafungua kiwanda pale. Ila mji haukuwa na watu wa kutosha, ikabidi wajenge mtaa mzima, Panzano, nyumba za familia na bweni la mabachela, na hilo bweni leo ni makumbusho ya uundaji meli.

Na hapo ndo siri ilipo, kiwanda kinahitaji mikono mingi kuliko mji ulionayo, miaka yote. Watu wanakuja, wanaondoka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, 1947 hivi, mafundi kama 2,000 walihamia Yugoslavia kwenda kujenga ujamaa, halafu 1948 Tito, kiongozi wa Yugoslavia, akagombana na Stalin wa Umoja wa Kisovieti, waliobaki upande wa Stalin wakaanza kukamatwa na wengine wakapelekwa kisiwa cha gereza cha Goli Otok. Inauma sana hii. Waliobaki kiwandani nao wengi waliuawa na vumbi la asbesto miaka mingi baadaye, hadi wake zao waliokuwa wanafua tu ovaroli.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mikono inatoka Bangladesh, wanachomelea na kupaka rangi, wengi chini ya makontrakta wadogo wanaofanya kazi za Fincantieri, wenye kiwanda. Leo karibu theluthi ya wakazi ni wageni. Lakini 2023 manispaa ikazuia sala kwenye vituo viwili vya Kiislamu kwa hoja kwamba majengo hayo hayakuruhusiwa kutumika kwa ibada, na kriketi, mchezo wanaoupenda Wabangladeshi, nayo ikabanwa mpaka vijana wanaenda kucheza nje ya mji, karibu na uwanja wa ndege wa Trieste. Mimi kwa kweli hili silikubali, maana bila hao watu meli haitoki pale.