Chai ya rangi na michoro ya Rothko: mwanga unatoka wapi?

Mimina chai ya rangi kwenye kikombe cheupe cha kauri, halafu usiinywe kwanza. Iangalie. Katikati, penye kina, ni kahawia ya kukaribia weusi. Pembeni, pale chai inapopungua na kubaki utando tu juu ya kauri, inang'aa kama asali. Chai ni hiyohiyo moja. Kinachotofautiana ni safari ya mwanga. Pembeni mwanga unapenya chai, unagonga weupe wa kikombe, kisha unarudi kwenye jicho lako ukiwa umechukua rangi njiani. Katikati unazama, na mwingi haurudi. Sasa ongeza maziwa. Mng'ao umekwisha. Mwanga unatawanywa juujuu kabla haujafika kwenye kauri, na rangi inakuwa nzito, tulivu, sawasawa kikombe kizima.

Katika vipindi vya elimu ninavyoendesha makumbushoni, huanza na kikombe hiki kabla sijaonyesha mchoro wowote wa Mark Rothko. Asiyekiona kikombe atauona mchoro kama ukuta ambao fundi aliishiwa rangi akaanza kopo jingine.

Rothko alizaliwa mwaka 1903 huko Dvinsk, mji ambao leo ni Daugavpils nchini Latvia, na akahamia Marekani akiwa mtoto wa miaka kama kumi. Alikuwa mmoja wa wachoraji wa New York ambao, baada ya Vita Kuu ya Pili, walijenga mtindo unaoitwa ekspreshonizimu ya dhahania: uchoraji usioonyesha mtu, mti wala nyumba, bali unaoacha rangi, mstari na ukubwa wa kazi vizungumze vyenyewe. Watu wengi wakisikia jina hilo humkumbuka Jackson Pollock na rangi zake za kumwagiwa. Mimi leo simzungumzii huyo. Nazungumzia upande wa kundi hilo ulio kimya zaidi, wa wale waliofanya rangi iwe kama hewa ya chumbani.

Kufikia mwaka 1950 Rothko alikuwa ameshapata umbo atakaloshikilia karibu maisha yake yote: mistatili miwili au mitatu, mmoja juu ya mwenzake, yenye kingo zilizofifia kama moshi, ikielea juu ya rangi nyingine. Siri iko kwenye upakaji. Tabaka la kwanza mara nyingi lilikuwa unga wa rangi uliochanganywa kwenye gundi ya ngozi ya sungura, likafyonzwa na kanvasi, yaani kitambaa cha kuchorea. Juu yake alipitisha rangi ya mafuta aliyoizimua kwa tapentaini mpaka ikawa majimaji, tabaka juu ya tabaka, na wakati mwingine akatia mayai au utomvu ili hapa pawe na mng'ao na pale pafifie. Hiyo ni chai ya rangi, si chai ya maziwa. Mwanga wa chumbani unapita utando mmoja, unakutana na wa pili, mwingine unafika chini kabisa na kurudi. Ndiyo maana nyekundu yake huonekana kama inawaka kutoka ndani. Hakuna taa nyuma ya kanvasi, ingawa nimewahi kumwona mgeni akiinama kuchungulia ukutani kuhakikisha.

Tazama pia pale ambapo mistatili haijafika. Kati ya mmoja na mwingine huwa kuna ukanda mwembamba, na kuzunguka yote kuna pambizo ambayo mtu mwenye haraka huiita nafasi iliyobaki. Ukiiziba kwa vidole viwili (kwenye picha ya kuchapishwa, tafadhali, si kwenye mchoro wenyewe!) mistatili inaanguka. Inakuwa vipande vya rangi vilivyobandikwa. Ni ule ukanda unaovifanya vielee, kama anga kati ya wingu na upeo wa bahari.

Rothko mwenyewe alipendelea mtazamaji asimame karibu sana, kiasi cha sentimita 45 hivi, na taa ziwe hafifu. Ukiwa umbali huo, kingo za mchoro zinatoka nje ya macho yako. Hutazami kitu tena, umo ndani yake. Mwenzake Barnett Newman alibandika tangazo kwenye maonyesho yake ya mwaka 1951 hapo New York akiwaeleza wageni jambo kama hilo: michoro mikubwa watu wana mazoea ya kuitazama kwa mbali, lakini hii imekusudiwa kutazamwa kwa karibu. Mmoja wa michoro yake mikubwa ya wakati huo, *Vir Heroicus Sublimis*, una urefu wa zaidi ya mita tano kwenda pembeni. Kwenye simu unakuwa mdogo kuliko kidole gumba. Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi mojawapo ya michoro ya mwisho ya Rothko, ile yenye weusi mwingi, kwa projekta ya darasani. Kimya kikatanda, nikadhani wameguswa. Kisha mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mashine imegoma?"

Hakukosea. Projekta hutupa mwanga wa kwake juu ya ukuta, wakati mchoro huishi kwa mwanga unaoingia na kurudi.

Habari ya Newman inafundisha jambo lingine kuhusu utupu. Tarehe 29 Januari 1948, siku aliyotimiza miaka 43, alikuwa na kanvasi ndogo aliyoipaka rangi ya kahawia-nyekundu, na katikati amebandika utepe wa gundi kutoka juu hadi chini. Utepe wa namna hiyo fundi rangi huubandika ili aubandue baadaye na kupata mstari ulionyooka. Newman akajaribu nyekundu ya kung'aa juu ya utepe wenyewe, kisha akaacha hapohapo. Alikaa na mchoro huo miezi minane akiutafakari. Ndio *Onement I*, na utepe ule umo mpaka leo chini ya rangi. Mstari huo aliuita zipu. Kabla ya zipu, uwanja wa kahawia ulikuwa usuli tu unaongoja kitu kichorwe. Baada ya zipu, uwanja ndio mchoro.

Lakini tusidhani kila palipo peupe pameachwa. Franz Kline, anayejulikana kwa mapigo yake meusi mapana kama mihimili ya daraja, aliupaka weupe kwa mkono uleule alioupakia weusi, na mara nyingi juu ya weusi, akiukata na kuuminya. Ukisogea utaona brashi ya weupe imepanda juu ya ukingo wa weusi. Clyfford Still alikwenda kinyume: katika kazi zake nyingi za baadaye sehemu kubwa ya kanvasi haina rangi kabisa, kitambaa kitupu, na vipande vya rangi vilivyochanika vimesimama humo kama moto nyikani. Ukifika Denver, kwenye makumbusho yake yaliyofunguliwa mwaka 2011, jiulize mbele ya kila kazi: huu utupu umepakwa au umeachwa?

Aliyeusukuma utupu mbali zaidi, kwa maoni yangu, ni Helen Frankenthaler. Oktoba 1952 alikuwa na miaka 23, ametoka Nova Scotia huko Kanada, ambako alikuwa akichora mandhari kwa rangi za maji. Studioni New York alitandaza sakafuni kanvasi yenye upana wa karibu mita tatu, isiyo na praima. Praima ndiyo inayoziba vinyweleo vya kitambaa ili rangi ikae juu. Yeye hakuipaka. Alichora mistari michache ya mkaa, akazimua rangi ya mafuta mpaka ikawa nyepesi kama maji, akaimwaga na kuisukuma. Yeyote aliyewahi kudondoshea chai kanzu nyeupe anajua kilichofuata: rangi haikai juu ya kitambaa, inakuwa kitambaa. Inasambaa, inafifia ukingoni, na nyuzi zenyewe zinang'aa katikati ya waridi, samawati na kijani. Palipobaki patupu ni kitambaa kilekile kisicho na doa, hivyo rangi na utupu viko kwenye usawa mmoja, hakuna kilicho mbele wala nyuma. Mchoro aliuita *Mountains and Sea*. Mwaka uliofuata wachoraji Morris Louis na Kenneth Noland walisafiri kutoka Washington wakauona, nao wakabadilisha namna yao ya kupaka.

Gharama ipo. Mafuta ya rangi yakigusa pamba moja kwa moja huchosha nyuzi kadiri miaka inavyopita, na huacha ukungu wa manjano kuzunguka doa. Katika miaka ya 1960 Frankenthaler alihamia kwenye rangi za akriliki, zisizo na tatizo hilo.

Sam Francis nimtaje kwa kifupi. Aliumia akiwa mwanajeshi wa anga wakati wa vita, akalazwa muda mrefu mgongo ukiwa ndani ya plasta, na alianza kuchora hospitalini. Alichoweza kutazama humo kilikuwa mwanga ukicheza kwenye dari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifanya kazi kubwa ambazo rangi imekimbilia pembezoni na katikati ni peupe. Aliyezoea kanga atasema huyu bwana amechora pindo akauacha mji.

Ikiwa michoro hii inakula mwanga, basi mwanga gani? Swali hilo lilimsumbua Rothko hadi mwisho. Alipokuwa akitengeneza michoro 14 ya kikanisa cha pembe nane huko Houston, alitundika parashuti chini ya dirisha la darini la studio yake New York ili jua lipungue makali. Alijiua Februari 1970, na kikanisa kikafunguliwa mwaka uliofuata. Jua la Texas likamiminika darini kwa ukali ambao New York haiujui. Wasimamizi wakaweka vizuizi vya aina moja baada ya nyingine, na dirisha jipya linalotawanya mwanga lilipatikana katika ukarabati uliokamilika mwaka 2020.

Na kwenye Chuo Kikuu cha Harvard yalitokea mabaya zaidi. Mwaka 1964 michoro mitano mikubwa ya Rothko ilitundikwa kwenye chumba cha kulia chakula, ghorofa ya kumi, chenye madirisha makubwa. Ilikuwa na rangi ya damu ya mzee iliyokolea, na ndani yake kulikuwa na unga mwekundu uitwao Lithol, ambao haustahimili jua. Mapazia yalifunguliwa kwa ajili ya mandhari. Nyekundu ikafa, samawati iliyochanganywa nayo ikabaki. Mwaka 1979 michoro ilishushwa na kupelekwa stoo.

Kuipaka upya hakukuwezekana. Rothko hakuweka vanishi juu, kwa hiyo rangi yoyote mpya ingeungana na yake na isingetoka tena. Wataalamu wakachukua njia nyingine. Walizikarabati kwa kompyuta picha za slaidi zilizopigwa michoro ikiwa mipya, ambazo nazo zilikuwa zimefifia, wakalinganisha na mchoro wa sita ambao haukutundikwa chumbani humo. Kisha wakapima kila nukta ya kanvasi na kukokotoa rangi gani imepungua hapo na kwa kiasi gani. Mwaka 2014 michoro ilirudi kwa wageni ikimulikwa na projekta zilizotupa ile rangi iliyopotea tu, nukta kwa nukta. Mkono wa Rothko haukuguswa. Kila siku saa kumi alasiri projekta zilizimwa, na wageni wakabaki na kanvasi tano zilizopauka, kama zilivyo.