Ndege ndogo za skii: dhana potofu na ukweli kuhusu hitilafu zake

Tangu video za ndege zinazotua juu ya theluji kwa skii badala ya magurudumu zianze kusambaa kwenye simu, abiria wanaongoja mashua katika gati la uwanja wa ndege wa Manda huzizungumzia sana ndege hizo za Alaska na Kanada. Mengi yanayosemwa kuhusu kuharibika kwake si kweli, na moja kati ya hayo linatuhusu sisi wenyewe wa Lamu.

Wengi hudhani kwamba skii ni vibao tu vilivyofungwa mahali pa magurudumu, hivyo hazina cha kuharibika. Ukweli ni kwamba skii huchezacheza kwenye ekseli yake, na kinachozuia ncha ya mbele isiinamie chini ndege ikiwa angani ni mpira mzito wa kuvuta au springi, pamoja na kebo za chuma zinazouwekea mwendo wake mipaka. Mpira ukichakaa na kebo ikakatika, upepo huweza kuibinua skii, ndege ikavutwa upande mmoja na pua yake ikainama. Ndiyo maana fundi makini huipitishia kebo kitambaa, kwa kuwa uzi mmoja uliokatika hunasa kitambaa hata pale ambapo jicho haliuoni.

Wapo pia wanaoamini kwamba baridi ndiyo inayoizima injini moja kwa moja. Mara nyingine chanzo ni kitu kidogo mno: injini ya pistoni hutoa mvuke kupitia bomba dogo la kupumulia, na mvuke huo ukiganda kwenye mdomo wa bomba, shinikizo hupanda ndani ya injini hadi sili ya shafti, yaani kizuizi cha oili isivuje, ikafyatuka na oili ikamwagika. Kinga yake ni tundu la pili kwenye bomba hilohilo, lililotobolewa mahali penye joto.

Ama kuhusu dai kwamba injini ikizimika ndege huanguka kama jiwe, si kweli hata kidogo. Ndege ndogo ya injini moja aina ya Cessna 172 iliyo mita 1,000 juu huweza kuelea takriban kilomita 9 kabla ya kugusa ardhi. Mwaka 1927 injini ya ndege ya skii ya mvumbuzi wa maeneo ya ncha za dunia Hubert Wilkins na rubani Ben Eielson ilianza kusumbua kaskazini mwa Alaska. Walitua juu ya barafu ya bahari, wakaitengeneza, wakaruka tena. Kilichowalazimisha hatimaye kurudi kwa miguu ni kuishiwa na mafuta.

Dhana inayonitia wasiwasi zaidi ni kwamba barafu ni tatizo la nchi za baridi peke yake. Ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa ya injini, petroli inapogeuka mvuke hewa hupoa kwa zaidi ya nyuzi 20, kwa hiyo barafu huweza kujijenga humo hata nje kukiwa na joto, mradi hewa iwe na unyevu mwingi kama wetu wakati wa masika. Hewa kavu ya nyuzi 30 chini ya sifuri haina hatari hiyo kwa kiwango kama hicho. Ndege aina ya Cessna Caravan hutumia injini ya tabo (turbine) isiyo na kabureta, lakini rubani wa ndege yenye kabureta anayeshuka Manda hana budi kufungua joto la kabureta, yaani hewa moto inayoelekezwa humo, kabla ya kupunguza nguvu, na injini ikitetemeka kidogo baada ya hapo asilifunge, kwani hayo ni maji ya barafu inayoyeyuka yakipita ndani ya injini.