Kadi Kupokewa Mapokezi Hakumaanishi Kila Kitu Kimelipiwa

Katika kutibu masikio, pua na koo hapa Dar es Salaam, kauli ninayoisikia hadi kuchoka ni hii: “Daktari, niliambiwa hapa mnapokea bima.” Ni kweli tunapokea. Tatizo ni kwamba mgonjwa huamini kuwa hospitali ikishaikubali kadi yake, basi bingwa yeyote, kipimo chochote na upasuaji wowote vimekwisha kulipiwa.

Mfuko wa bima huingia mkataba na kituo, si na daktari binafsi. Ndiyo maana bingwa yuleyule aliyekuhudumia asubuhi kwa kadi katika hospitali ya umma anaweza kukutoza fedha taslimu jioni katika kliniki isiyo na mkataba, na hapo hakuna aliyekudhulumu. Tena, vifurushi vya bima hutofautiana, na kinachomlipia mgonjwa kumwona bingwa si lazima kilipie CT scan ya sinusi (mianya ya hewa iliyo ndani ya mifupa ya uso), upasuaji wa mafindofindo au kifaa cha usikivu, huduma ambazo mara nyingi husubiri kibali cha mfuko. Kinachoniudhi ni kwamba haya yote yangejulikana kwa simu moja, lakini anayepiga huuliza tu kama tunapokea bima, akajibiwa ndiyo, akakata. Taja jina la mfuko na la kifurushi, kisha uliza dawati la bima iwapo kinamlipia bingwa wa masikio, pua na koo, kliniki yake ni siku zipi, rufaa inatakiwa kutoka ngazi gani, na ni vipimo vipi vinavyohitaji kibali. Liandike na jina la aliyekujibu.

Wapo wanaodhani kwamba rufaa ni urasimu mtupu, ilhali masikio mengi yaliyozibwa na nta hutibika vizuri bila bingwa, mradi mwenyewe aache kuyachokonoa kwa vijiti vya pamba, jambo nililolisema hadi sauti ikakauka. Dharura haingoji rufaa: mtoto aliyejiingiza betri ndogo ya saa puani apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu betri hiyo huunguza nyama za pua ndani ya saa chache.

Si kweli pia kwamba mabingwa wote wako Dar es Salaam. Hospitali za KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza wanao. Wala si kila anayeuza vifaa vya usikivu ni bingwa. Bingwa ni daktari aliyesomea fani hii kwa miaka kadhaa baada ya shahada ya kwanza, na usajili wake huthibitishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Dhana ya mwisho ni kwamba sikio linaweza kusubiri hadi kadi mpya itoke. Usaha wa muda mrefu usio na maumivu aghalabu huweza kungoja siku chache, ingawa si miezi. Lakini aliyepoteza usikivu ghafla, hata wa sikio moja, amwone daktari siku hiyohiyo, kwa fedha taslimu ikibidi, kwani dawa za steroidi husaidia zaidi zikianzwa mapema, na baada ya wiki mbili matumaini hupungua sana.