Ed van Thijn na cheo cha meya nchini Uholanzi

Kila ninapofundisha somo la serikali za mitaa linganishi, wanafunzi wangu wa Tanzania wakifika kwenye mada ya Uholanzi huuliza swali lile lile: inakuwaje nchi inayosifiwa kwa demokrasia yake wananchi wake hawampigii kura meya wao, wala madiwani hawamchagui miongoni mwao kama ilivyo kwetu? Meya wa Uholanzi huteuliwa kwa amri ya kifalme kwa kipindi cha miaka 6, na kwa namna ya kupatikana kwake anafanana zaidi na mkuu wa mkoa wetu kuliko na meya wetu. Badala ya kuanza na vifungu vya sheria, mimi huanza na maisha ya Ed van Thijn, kwa sababu sijaona mwanasiasa mwingine wa nchi hiyo aliyekipitia cheo hicho kutoka pande nyingi kama yeye.

Van Thijn alizaliwa Amsterdam tarehe 16 Agosti 1934 katika familia ya Kiyahudi. Wakati nchi ilipokuwa mikononi mwa Wajerumani alifichwa katika nyumba 18 tofauti kabla ya kukamatwa na kupelekwa Westerbork, kambi ambako Wayahudi walikusanywa kabla ya kusafirishwa kwenye kambi za mauaji, na ambako majeshi ya washirika yalimkuta hai mwezi Aprili 1945. Siwezi kulipita jambo hili haraka, maana mtoto aliyeona dola ikigeuka kuwa mwindaji wa raia wake ndiye aliyekuja, katika utu uzima, kukabidhiwa mara mbili wizara yenye dhamana ya polisi.

Aliingia katika baraza la jiji la Amsterdam mwaka 1962 kwa tiketi ya chama cha Labour cha huko, PvdA, na mwaka 1967 akawa mbunge. Kuanzia 1973 aliliongoza kundi la wabunge wa chama chake wakati Joop den Uyl akiwa Waziri Mkuu. Uchaguzi wa 1977 uliwapa viti 53 kati ya 150, vingi kuliko chama kingine chochote, lakini mazungumzo ya kuunda serikali, ambayo yeye alikuwa mmoja wa wahusika wake wakuu, yalivutana kwa siku 208 kabla ya serikali kuapishwa, na mwishowe Wakristo wa kidemokrasia wakashika mkono wa waliberali, na chama kilichoongoza kwa kura kikabaki nje. Kwa maoni yangu PvdA ilidai mno, ikasahau kwamba katika bunge la vyama vingi mshindi wa kura bado ni mwombaji mlangoni pa wengine.

Mwaka 1981 Van Thijn aliteuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani katika serikali ya pili ya Dries van Agt, lakini mawaziri wa PvdA walijitoa mwezi Mei 1982 na uwaziri wake ukaishia hapo. Waziri wa Mambo ya Ndani ndiye anayepeleka majina ya mameya yakatiwe saini ya kifalme. Mwaka 1983, nafasi ya Amsterdam ilipokuwa wazi, aliyeshika wizara hiyo alikuwa Koos Rietkerk wa chama cha kiliberali cha VVD, na serikali yote ilikuwa ya wapinzani wa PvdA. Hata hivyo aliyeteuliwa alikuwa Van Thijn. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akashangaa, lakini ndivyo utaratibu ule ulivyofanya kazi: vyama vikubwa viligawana miji kwa kuzingatia nguvu zao nchini na mwelekeo wa kila mji, na Amsterdam ulikuwa mji wa PvdA, kwa hiyo serikali ya mrengo mwingine haikuona sababu ya kuulazimishia mtu wake.

Kazi aliyoikuta inahitaji maelezo. Meya wa Uholanzi huongoza vikao vya baraza bila kuwa na kura, huongoza kamati tendaji ya jiji, na, jambo zito kuliko yote, yeye binafsi ndiye mwenye dhamana ya utulivu na usalama wa umma. Katika dhamana hiyo hukutana mara kwa mara na mwendesha mashtaka mkuu wa eneo pamoja na mkuu wa polisi, kikao ambacho Waholanzi hukiita pembetatu. Katika Amsterdam ya miaka ya 1980 pembetatu hiyo haikupata usingizi, kwa sababu vijana waliokosa makazi walikuwa wakiyavamia majengo yaliyoachwa tupu na kuishi humo, na Van Thijn alipokwenda kuzuru mtaa wa Staatsliedenbuurt, uliokuwa ngome yao, walimzonga na kumlazimisha kuondoka. Aliliombea jiji lake Michezo ya Olimpiki ya 1992, lakini kura zilipopigwa Lausanne mwaka 1986, Amsterdam iliondolewa katika duru ya kwanza na Barcelona ikashinda, baada ya wapinzani kutoka jijini humo humo kuifanyia kampeni kali.

Lakini siku iliyompima zaidi, kwa maoni yangu, ni Jumapili ya tarehe 4 Oktoba 1992, ndege ya mizigo ya El Al ilipoanguka juu ya maghorofa ya Bijlmer, kitongoji cha Amsterdam, na kuua watu 43. Wakazi wengi wa hapo walikuwa wahamiaji, wakiwemo watu kutoka Suriname na Ghana, na baadhi yao hawakuwa katika daftari lolote la jiji, hivyo mwanzoni ilihofiwa kwamba waliokufa walizidi 200. Siku kama hiyo, watu humtafuta kiongozi anayesimama mbele yao pasipo bendera ya chama, na Van Thijn alisimama. Watetezi wa uteuzi wa kifalme huutaja mfano wa aina hii hadi leo.

Mwezi Desemba 1993 pembetatu ya Amsterdam ilikivunja kikosi cha pamoja cha upelelezi kilichojulikana kama IRT, kwa hoja kwamba kilikuwa kikiachia shehena za dawa za kulevya ziingie nchini huku polisi wakijua, ili mtoa habari wao apande ngazi ndani ya genge. Wiki chache baadaye, Januari 1994, Waziri wa Mambo ya Ndani Ien Dales alifariki ghafla, na aliyeitwa The Hague kuchukua nafasi yake alikuwa Van Thijn. Uamuzi alioufanya kama meya sasa ulimkuta mezani akiwa waziri. Tume ya Wierenga ilitoa taarifa mwezi Machi iliyoukosoa uamuzi ule, Bunge likahoji, na tarehe 27 Mei yeye na Waziri wa Sheria, Ernst Hirsch Ballin, wakajiuzulu. Miaka miwili baadaye uchunguzi wa Bunge ulioongozwa na Maarten van Traa ulionyesha kwamba mbinu za upelelezi zilikuwa kweli zimeponyoka mikononi mwa wakubwa. Naamini Van Thijn alitendewa isivyo haki, ingawa naelewa kwa nini Bunge halikuweza kumwacha mtu mmoja awe mtenda na mwamuzi wa jambo lile lile.

Alirudi kama seneta mwaka 1999. Serikali ya Waziri Mkuu Jan Peter Balkenende ilitaka meya achaguliwe na wananchi, na hatua ya kwanza ilikuwa kuuondoa uteuzi wa kifalme katika Katiba, jambo lililohitaji theluthi mbili ya kura za Seneti yenye wajumbe 75. Usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Machi 2005, Van Thijn akiwa msemaji wa PvdA, chama chake kilikataa na muswada ukaanguka. Pingamizi lake kuu lilihusu mpango wa waziri Thom de Graaf, ambao ungeleta uchaguzi wa haraka kabla mamlaka ya meya na ya baraza hayajapangwa upya ipasavyo. Usiku huo huitwa Usiku wa Van Thijn. De Graaf alijiuzulu, na mwaka 2007 akawa meya wa Nijmegen, kwa uteuzi wa kifalme.

Wanafunzi hutaka kujua ilikuwaje baadaye. Tangu mwaka 2001 sheria inalipa baraza la madiwani haki ya kupendekeza majina kupitia kamati inayofanya kazi kwa siri, na waziri ni nadra sana kwenda kinyume na jina lililowekwa la kwanza. Mwaka 2018 Seneti iliuondoa uteuzi huo katika Katiba, kwa hiyo sasa sheria ya kawaida inatosha kuanzisha uchaguzi wa mameya. Sheria hiyo haijatungwa. Van Thijn alifariki tarehe 19 Desemba 2021 akiwa na miaka 87, na mameya wa Uholanzi bado wanateuliwa.