Utambuzi wa Ugonjwa wa Akili Maana Yake Nini?

Mgonjwa anaketi, anatazama chini, anasema: "Silali." Basi. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo na mtu huondoka na vidonge vya usingizi. Lakini neno hilo moja anaweza kulisema mtu mwenye sonona (ugonjwa wa kushuka moyo), mwenye wahaka (hofu iliyopita kiasi), mwenye kiwewe, mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mtu aliyeacha pombe juzi, au mzee mwenye maambukizi ya mapafu ambaye akili imeanza kumvurugika. Ndugu wa mtu mwenye mania, yaani hali ya kupanda kupita kiasi kwa hisia na nguvu, nao husema hivyohivyo: "Huyu halali." Utambuzi wa ugonjwa wa akili ni safari ya kutoka kwenye neno hilo hadi kwenye jina la ugonjwa, bila kuruka hatua za katikati.

Kwanza tutenganishe dalili na ugonjwa. Kukosa usingizi ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Kusikia sauti ni dalili. Kujitenga, kulia, kuongea mfululizo, vyote ni dalili. Ugonjwa ni dalili kadhaa zinazokwenda pamoja, zimedumu muda wa kutosha, zimemvuruga mtu katika kazi, masomo au uhusiano wake na wengine, na imeshathibitika kwamba hazikuletwa na ugonjwa wa mwili, dawa au kilevi. Ukiacha kipande kimoja cha maelezo hayo, unaweza kumpa mtu jina lisilo lake, na jina hilo akalibeba miaka mingi.

Hakuna kipimo cha damu cha sonona wala picha ya ubongo inayothibitisha skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu apoteze mshiko na uhalisia kwa muda mrefu. Vipimo hufanywa, tena ni vya lazima, lakini kazi yake ni kutafuta visababishi vingine: tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi, upungufu wa damu, sukari, maambukizi, kifafa. Kinachobaki baada ya hapo ni kusikiliza, kutazama na kuuliza.

Turudi kwa asiyelala. Swali la kumuuliza ni hili: "Ukishindwa kulala, kesho yake unakuwaje?" Mwenye sonona mara nyingi hupata usingizi kidogo kisha huamka kabla ya alfajiri, asirudi tena kulala, na asubuhi ndiyo saa inayomlemea kuliko zote. Mwenye wahaka hutaabika mwanzoni mwa usiku, akiweka kichwa tu kwenye mto, mawazo ya "je, ikiwa..." yanaanza kuzunguka. Mwenye kiwewe anauogopa usingizi wenyewe, kwa sababu ndoto humrudisha palepale alipoumizwa. Mwenye mania ana jibu tofauti kabisa: amelala kwa muda wa saa mbili tu na anajisikia ana nguvu kuliko jana. Huyu usingizi haumtoroki. Mwili wake hauuhitaji, au ndivyo anavyohisi. Ndiyo maana huletwa na ndugu, mara nyingi akilalamika kwamba hana shida yoyote.

Tofauti hiyo ya mwisho ningependa kila muuguzi na kila mwenye mgonjwa nyumbani aijue. Ugonjwa wa baipola, ambao mtu huwa chini kwa sonona na wakati mwingine juu kwa mania, mara nyingi huanza kwa sonona. Mtu anafika akiwa chini, anatibiwa kwa alichokuja nacho, na hakuna anayeuliza kuhusu siku alizokuwa juu. Akipewa dawa za sonona peke yake, zinaweza kumsukuma kwenye mania. Kwa hiyo kila mwenye sonona aulizwe: "Umewahi kuwa na siku kadhaa mfululizo ulizolala kidogo sana bila kuchoka, ukaongea kuliko kawaida yako, ukatumia fedha bila hesabu, ukajiona hakuna kinachokushinda?" Kisha ndugu yake aulizwe swali hilohilo, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huzikumbuka siku hizo kama siku zake nzuri tu. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani unahesabu siku 4 mfululizo kwa hali nyepesi ya kupanda huko, na wiki 1 kwa mania kamili, au muda wowote ikiwa imebidi alazwe.

Sonona yenyewe ina vigezo vilivyo wazi. Mwongozo huo unataja dalili 9. Zipatikane angalau 5, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, na mojawapo iwe huzuni au kupoteza raha. Hiyo ya pili ndiyo hupita bila kuonekana. Wapo wengi wenye sonona ambao hawasemi wana huzuni. Wanasema kichwa kizito, mgongo unauma, tumbo, uchovu usioisha. Ukimuuliza mtu wa namna hiyo, "Una huzuni?" atasema hapana, na atakuwa anasema kweli yake. Muulize badala yake ni kitu gani alikuwa akikipenda, na kama bado kinamvuta. Ukimya unaofuata swali hilo huwa na habari nyingi. Lipo pia dodoso la PHQ-9 lenye maswali 9, alama kuanzia 0 hadi 27, ambapo 10 na kuendelea huashiria kwamba mtu achunguzwe zaidi. Ni chekecheo la kuwapata wanaohitaji kuangaliwa kwa makini. Mtu asiambiwe ana sonona kwa sababu ya alama peke yake.

Wahaka nao huvaa sura ya ugonjwa wa mwili. Hofu ya ghafla huja na moyo kudunda, jasho, kutetemeka, pumzi kukatika, mtu akiamini anakufa, na hufika kileleni ndani ya dakika chache. Mara ya kwanza moyo upimwe, bila mjadala. Kosa hutokea moyo ukionekana mzima, mtu akaambiwa "huna kitu" na kurudishwa nyumbani na hofu yake.

Wakati haya yote yakiulizwa, mtambuzi anatazama. Hiki ndicho kinachoitwa uchunguzi wa hali ya akili, nao ni sawa na daktari wa mwili kuweka mkono tumboni. Mgonjwa amevaaje, anakutazama au anakwepa, anaongea kwa kasi gani, uso wake unalingana na maneno yake au anasimulia msiba huku akitabasamu? Mawazo yanafuatana au yanarukaruka? Anajua yuko wapi na leo ni siku gani? Anadhani tatizo lake ni nini? Hilo la mwisho lisichukuliwe kama adabu tu, maana mgonjwa wa skizofrenia aliye katikati ya ugonjwa mara nyingi hana shaka hata chembe kwamba yeye ni mzima.

Hapo tunafika kwenye saikosisi, neno linalotumika vibaya kuliko yote. Saikosisi ni hali ya mtu kupoteza mshiko na uhalisia: anasikia sauti zisizo na msemaji, au ana imani potofu ambayo hakuna ushahidi unaoweza kuitikisa. Inaweza kutokea katika skizofrenia, katika mania, katika sonona kali, baada ya bangi au vichangamshi, baada ya kujifungua, au kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo. Anayesema "anasikia sauti, basi ni skizofrenia" ameruka hatua tano. Aliyefiwa anaweza kusikia mara moja sauti ya marehemu ikimwita, na hilo ni sehemu ya majonzi. Na imani inayoaminiwa na jamii nzima anamotoka mtu haiwi dalili kwa sababu tu mtambuzi haishiriki. Ndugu zake ndio watakaosema kama wao pia wanaiona imevuka mpaka.

Muda nao una kazi kubwa hapa. Kwa mwongozo wa Marekani, saikosisi isiyozidi mwezi 1 ina jina lake, ya kati ya mwezi 1 na miezi 6 ina jina jingine, na skizofrenia inahitaji dalili za ugonjwa ziwe zimekuwepo kwa angalau miezi 6. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, unatosheka na mwezi 1. Mgonjwa yuleyule anaweza basi kuwa na majina mawili kutegemea kitabu kilicho mezani. Majina haya ni makubaliano ya wataalamu, na makubaliano hayo yalitafutwa kwa sababu nzuri: utafiti wa miaka ya 1960 na 1970 uliolinganisha New York na London ulionyesha kwamba madaktari wa New York waliwapa wagonjwa wengi zaidi jina la skizofrenia, ilhali ukitumia kipimo kimoja wagonjwa wa miji hiyo hawakutofautiana kiasi hicho. Mwaka 1980 mwongozo wa Marekani ukaanza kuorodhesha vigezo waziwazi kwa kila ugonjwa.

Lipo kosa moja ambalo huua. Mtu aliyekuwa mzima anabadilika ndani ya saa au siku chache, anachanganyikiwa, asubuhi ana nafuu na usiku anaweweseka, anaona wadudu au watu wasiokuwepo. Mwambie ataje miezi ya mwaka kinyumenyume. Anapotea njiani, hawezi kushikilia wazo. Kuweweseka kwa namna hii, hasa kunapokuja na kuona vitu zaidi ya kusikia sauti, ni ubongo unaoomba msaada kutoka mwilini: maambukizi, sukari kushuka, dawa, figo, ini. Kwa mnywaji wa kila siku hutokea kwa kawaida siku 2 hadi 4 baada ya pombe ya mwisho, pamoja na kutetemeka na jasho. Huyu ni wa dharura, na kumwita mwendawazimu ni kumnyima matibabu. Historia imetufundisha hili kwa gharama kubwa. Miongoni mwa wagonjwa waliojaa katika hospitali za wendawazimu za Ulaya na Marekani walikuwamo wenye kaswende ya ubongo. Mwaka 1913 watafiti Hideyo Noguchi na J. W. Moore walionyesha vijidudu vyake ndani ya ubongo wa waliokufa. Mwaka 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa wa ubongo unaotokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, ambao wengi wa walioupata, hasa wanawake vijana, huanza na dalili za saikosisi na hupelekwa kwanza kwa daktari wa akili.

Jina la ugonjwa linaweza kubadilika. Saikosisi ya mara ya kwanza leo inaweza kuonekana kuwa baipola mwaka kesho, na mtambuzi mwaminifu humwambia mgonjwa hivyo tangu mwanzo. Lakini lipo swali lisilongoja ziara ya pili: kama mtu amewaza kujiua. Kuliuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Aulizwe waziwazi, kwa upole, kisha aulizwe kama ana mpango, kama ana njia ya kuutekeleza, na ni nani atakayekuwa naye usiku wa leo.