Maziwa Haitoi Risasi: Maswali Mnayoniuliza Kila Wiki

Mimi ni klinikal ofisa kwa zahanati ndogo huku Eastlands, na wagonjwa wangu wengi ni watu wa jua kali. Hakuna wiki inaisha kabla sijaona mtu anayeyeyusha betri zilizokufa nyuma ya nyumba amimine chubwi za nyavu ama zile uzito za kubalansi rimu, tumbo linamsokota, mwili umechoka, na njiani akija ameshamaliza pakiti mbili za maziwa akiamini yatamtoa risasi, yale madini ya ndani ya betri ambayo Kiingereza wanaita lead. Haya basi, tuongee.

Daktari, risasi si ni ile ya bunduki?

Jina ni moja, kwa sababu ile ya bunduki nayo inamiminwa na haya madini. Ni mazito, ni laini, yanayeyuka kwa digrii 327 tu, ndio maana jiko la makaa linatosha. Marekani kuna watu humimina za bunduki nyumbani kwao, wanazipaka mafuta na nta halafu wanaziweka kwa mikebe, na shida ya mikono yao ni ile ile ya mikono yenu. Hapa kwetu ukipatikana na hizo bila leseni, wa kukusaidia si mimi, ni wakili.

Mimi nikishamimina napaka grisi ndio zisipauke, naweka kwa kasuku, ule mkebe wa mafuta ya kupikia, chini ya kitanda. Chuma baridi kina shida gani?

Kipande kikikaa hapo peke yake hakitoi moshi, hiyo nakubali. Lakini hewa yenye unyevu ikikigusa ngozi yake inageuka nyeupe kama chokaa, na huo unga ni risasi. Grisi inapunguza huo weupe, sawa, lakini vipande vikisuguana ndani ya kasuku grisi inageuka nyeusi, na huo weusi unaouona na kuuita uchafu ni risasi pia, sasa imepata gundi ya kuishikia kwa vidole, kutoka hapo inaenda kwa simu, kwa kitasa cha mlango, kwa shuka, kwa chapati. Wengine grisi ikiisha wanapaka mafuta ya kupikia yaliyokaangia chipo, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu mafuta yakichacha asidi yake inaanza kula risasi yenyewe.

Halafu kuna ile kasuku. Mama mmoja aliniambia bwanake alipouza vyuma vyote, aliosha kasuku vizuri akaweka unga wa ugali. Akaosha vizuri! Kasuku ikishashika risasi haijui tena jikoni, itobolewe ndio mtu asiitamani.

Vyuma vikae kazini, kwa mkebe wa chuma wenye kifuniko, si kwa nyumba mnayolala. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji, usugue mpaka kucha, kabla ya sigara na kabla ya chai, na usioshe mikono na petroli tafadhali, inakula ngozi yako. Ovaroli iachwe huko huko, ikifuliwa ifuliwe peke yake. Sakafu ipigwe deki, usifagie ikiwa kavu maana utapeperusha ule unga watoto wauvute.

Lakini mimi kila nikitoka kazini nakunywa maziwa, si inasafisha?

Hapana. Maziwa haitoi risasi. Nimesema hii maneno mpaka mlinzi wa hapa zahanati anaisema kabla yangu. Ni kweli mtu aliyekosa kalsiamu na madini ya chuma mwilini hufyonza risasi zaidi, kwa hivyo kula vizuri, kunywa maziwa kama chakula, watoto wapate maharagwe na nyama ikipatikana. Lakini ile ambayo imeshaingia kwa damu haitolewi na maziwa, iwe nusu lita, iwe ndoo. Inayowaua watu wangu ni kuamini maziwa, kwa sababu mtu akishakunywa anajiona amejitibu, anarudi kwa moshi miezi sita mingine.

Na mtoto hashiki hivyo vyuma, ako sawa?

Hashiki vyuma lakini anashika wewe. Anatambaa hapo sakafuni na mkono ni mdomoni, na mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima kwa kipimo kile kile. Damu inapungua, masomo yanamshinda, ikizidi sana anapata degedege. Ubongo ukishaharibika haurudi. Mama mjamzito vilevile, risasi inavuka mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Ya Owino Uhuru kule Mombasa mliyasikia, kiwanda cha kuyeyusha betri kando ya nyumba za watu, mpaka mwanaharakati Phyllis Omido akapigania na akapewa tuzo ya Goldman, ile ya watetezi wa mazingira, 2015. Sasa wewe umejenga kako kadogo nyuma ya choo.

Nitajuaje kama imeniingia?

Tumbo kusokota, choo kigumu, kichwa, hasira za bure, uchovu, mkono kulegea. Ukishatibiwa taifodi mara tatu na hauponi, mwambie anayekutibu kazi unayofanya, watu hawasemi! Njia ya kujua ni kupimwa damu, na maabara kubwa za Nairobi zinapima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama, na ikifika mikrogramu 5 kwa desilita tutafute inatoka wapi na tuizuie. Mtoto akifika 45 ni hospitali, kuna dawa za kuivuta, na hizo hazinunuliwi dukani. Kwa damu inapungua nusu kama mwezi hivi ukiacha kuigusa, lakini ile iliyoingia kwa mifupa inakaa miaka na miaka, kwa hivyo usiniambie utakuja ukimaliza oda.

Na mala je daktari, yale maziwa yaliyoganda, si ni kali kuliko maziwa?

Mala pia haitoi risasi. Kuja kesho asubuhi tutoe damu, na uje na mtoto.